Ruracio na ngurario: Safari ya bwana harusi wa Mlima Kenya, na hatua inayomfanya kuwa mume

MJI wa Sagana, katika Kaunti ya Kirinyaga, ni njia panda. Hapo barabara kuu inayotoka Nairobi kuelekea Karatina na Nyeri huachana na ile inayoelekea Kagio, Kutus na Kerugoya. Siku za Jumamosi, hasa msimu wa likizo, misafara ya magari hupitia hapo ikiwa imebeba wazee wenye kofia na fimbo, akina mama waliojifunga leso na kubeba vyondo, na kijana mmoja ambaye kwa kawaida ndiye mkimya kuliko wote. Huyo ndiye bwana harusi.

Anakwenda kuoa kwa mila ya Agikuyu, jamii ambayo ni yenye watu wengi zaidi katika miji inayouzunguka Mlima Kenya upande wa kusini na magharibi, ikiwemo Sagana, Karatina, Nyeri na Murang'a. Atalipa na kuchekwa. Ataketi alipoambiwa aketi. Jioni atarudi nyumbani akiwa na picha nyingi, na pengine akiamini kwamba ameshaoa.

Imani hiyo huenda isiwe ya kweli. Kwa mila, na kwa jinsi mahakama za Kenya zilivyoielewa mila hiyo kwa miaka mingi, kuhesabu mahari ni jambo moja na kuwa mume ni jambo jingine. Wanaume wengi hutimiza la kwanza na kuahirisha la pili. Ukweli hujulikana mwanamume anapofariki, mjane na watoto wakiwa mbele ya hakimu.

Chanzo cha mkanganyiko ni majina. Siku hizi neno ruracio hutumiwa kwa sherehe yo yote ya posa, ilhali maana yake hasa ni mahari. Sherehe inayokamilisha ndoa huitwa ngurario. Ili kuelewa tofauti hiyo, ni vyema kufuata hatua ambazo bwana harusi hupitia, moja baada ya nyingine.

Tawi linalopandwa

Safari huanza kwa ziara ndogo. Kijana huandamana na watu wachache hadi nyumbani kwa wazazi wa msichana ili kujitambulisha na kuijua boma. Mazungumzo ni ya heshima na mafupi, na hakuna mali inayodaiwa.

Baadaye hufuata hatua iitwayo kuhanda ithigi, yaani kupanda tawi. Hapo zamani tawi lilikuwa ishara kwa wapita njia kwamba katika boma hiyo yupo msichana aliyekwisha kuposwa, na wachumba wengine wasijisumbue. Upande wa mwanamume hutoa wanyama wawili, mwati na harika. Mwati ni kondoo jike mchanga ambaye hajazaa, na harika ni mbuzi jike wa hali hiyo hiyo. Wanyama ambao bado wanatarajiwa kuzaa ndio wanaofungua mlango, kwa kuwa kinachotafutwa ni uzazi na ukoo.

Hata katika hatua hii bwana harusi hasemi. Msemaji wake ni baba yake, au ami iwapo baba hayupo, akisaidiwa na mzee mwenye ulimi uliokomaa. Kijana asiye na wazee nyuma yake hana wa kumsikiliza, hata awe na mali kiasi gani, kwa sababu anayeposa si mtu mmoja bali ni mbari, yaani ukoo mdogo unaojihesabu kutokana na babu mmoja.

Kuhanda ithigi si ndoa. Ni ahadi, na ahadi yaweza kuvunjwa.

Langoni

Siku ya ruracio wageni hupata lango limefungwa. Akina mama wa upande wa msichana husimama ndani wakiimba, nao akina mama wa upande wa mwanamume husimama nje wakijibu. Wenyeji huuliza wageni ni akina nani, wametoka wapi na wamefuata nini. Wageni hujibu kwa wimbo, na wakijibu vibaya hukaa juani. Mwishowe fedha kidogo hutolewa na lango hufunguliwa.

Kwa mgeni jambo hili huonekana kama mchezo, na kweli lina mzaha mwingi. Hata hivyo lina kazi yake. Wanawake wa pande mbili ambao hawajawahi kuonana hulazimika kuimba pamoja kabla ya kuzungumzia mali, na wazee hupata nafasi ya kuona wageni wao ni watu wa aina gani.

Vyondo ambavyo akina mama hao hubeba huwa vimejaa vyakula. Navyo havirudi vitupu, kwani mwenyeji huviwekea kitu kabla ya wageni kuondoka. Mila nzima imejengwa juu ya kanuni hiyo ya kupeana.

Chumba cha wazee

Baada ya chakula, wazee wa pande zote mbili hujitenga ili kujadili mahari. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini hapa mambo ni kinyume. Lililo ndani ni la bwana harusi, naye yupo nje akisubiri kuitiwa matokeo.

Kipimo cha mahari ni mbuzi. Hata pale ambapo hakuna mbuzi hata mmoja aliyeletwa, hesabu huendeshwa kwa mbuzi, kisha wazee hukubaliana kila mbuzi atageuzwa kuwa shilingi ngapi. Bei hiyo si lazima iwe ile ya soko. Juu ya idadi hiyo kuna vitu ambavyo havihesabiwi pamoja na mbuzi: kondoo dume walionona, asali na pombe ya muratina kwa wazee, blanketi na leso kwa mama, koti kwa baba, na siku hizi hata tangi la maji. Familia zisizotumia pombe kwa sababu za kidini huweka soda au uji mahali pake. Idadi hutofautiana kutoka mbari hadi mbari, na hakuna orodha moja inayowafunga Agikuyu wote.

Bwana harusi haruhusiwi kushindania bei ya mtu ambaye kesho ataketi naye mezani. Maneno makali yakitoka, yatakuwa yametoka kwa wazee, na wazee hao hao watayafuta kwa kicheko kabla ya jua kutua.

Kipo kikwazo kimoja ambacho huwashtua vijana wengi. Kwa mila, baba ambaye hakulipa ruracio ya mkewe hana haki ya kupokea ya binti yake. Mali hiyo hufaa iende kwanza kwa ukoo wa mama. Kwa hiyo, posa ya kijana wa leo yaweza kusimama kwa sababu ya deni ambalo baba mkwe aliliacha miaka 30 iliyopita. Dawa ya deni ni kulipa, na baadhi ya wazee hulazimika kuharakisha posa yao wenyewe ili binti zao waolewe.

Wazee husema pia kwamba mahari haiishi. Kauli hiyo huwatia hofu wanaume wanaoisikia kama tishio la kudaiwa milele. Maana yake ni tofauti. Anayemaliza kulipa dukani huchukua bidhaa yake na kuondoka, asijuane tena na muuzaji. Ukwe hauna risiti ya mwisho. Sehemu ya mahari huachwa makusudi ili pande mbili ziendelee kutembeleana.

Tofauti hiyo haikueleweka na watawala wa kikoloni. Mwaka 1917, katika kesi ya Rex dhidi ya Amkeyo, Jaji Mkuu Robert Hamilton aliamua kwamba mwanamke aliyeolewa kwa mila ya Kiafrika hakuwa mke kwa maana ya sheria ya ushahidi, na akaifananisha ndoa ya namna hiyo na ununuzi wa mke. Kivuli cha uamuzi huo kiliziangukia ndoa za kimila kwa miongo mingi.

Anayeulizwa mwisho

Mali ikishakubaliwa, huja wakati ambao bwana harusi huhitaji macho makali. Wanawake kadhaa huletwa wakiwa wamefunikwa leso kuanzia kichwani hadi miguuni, wote wa kimo kinachokaribiana, naye hutakiwa kumtambua mchumba wake. Akimshika asiye wake hutozwa faini huku wageni wakiangua kicheko.

Kisha msichana huulizwa mbele ya watu wote iwapo anamjua mwanamume huyu, na iwapo wazee wake wale na kunywa kilicholetwa. Kwa desturi jibu lake huonekana katika kinywaji. Akikipokea na kuwapa wazazi wake, amekubali. Akikataa, mazungumzo ya siku nzima yamebatilika, hata kama mbuzi wote wamekwisha kuhesabiwa.

Ulizo hilo ni la tangu kale. Leo limepata nguvu ya Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika kifungu cha 45 inataka ndoa iwe ya hiari ya wote wawili na kuwapa haki sawa wakati wa kuoana, wakiwa katika ndoa na wakati wa kuivunja.

Baada ya hapo familia ya msichana huwa na zamu yake ya kusafiri. Huenda kwao kijana katika ziara iitwayo kuona itara. Itara ni dari ya fito iliyokuwa juu ya meko, ambapo kuni zilikaushwa. Waliotazama juu na kuona kuni nyingi walijua kwamba binti yao hatalala njaa wala baridi. Nyumba nyingi za leo hazina itara, lakini macho ya akina mama hayajabadilika.

Kisu mkononi

Ngurario ndiyo siku ambayo bwana harusi huacha kuwa mtazamaji. Kondoo dume au mbuzi huchinjwa nyumbani kwa wazazi wa msichana. Katika maelezo ya wazee, damu ya mnyama huyo ndiyo inayounganisha koo mbili. Jomo Kenyatta, aliyekuwa baadaye Rais wa kwanza wa Kenya, alilieleza tendo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu maisha ya Agikuyu.

Nyama ikiiva, mguu wa mbele pamoja na bega, uitwao kiande, huwekwa mbele ya wachumba. Bwana harusi hupewa kisu. Akiongozwa na wazee, hukata kiande na kumpa bibi harusi kipande, na bibi harusi hukila mbele ya mashahidi. Hakuna msemaji wa kumkatia. Baba yake aliyemsemea tangu siku ya kwanza huwa amekaa pembeni.

Tendo lenyewe huchukua dakika chache. Kwa gharama ni dogo kuliko karibu kila kitu kilichotangulia. Kwa mila, hilo ndilo linalotenganisha mchumba na mume.

Sababu ya kuliahirisha hueleweka. Wanaume wengi humaliza fedha zao siku ya ruracio, wakaanza kuishi na wake zao kwa baraka za pande zote mbili, na ngurario ikaachwa isubiri mwaka ujao. Watoto huzaliwa, karo za shule hufika, na mwaka ujao husogea mbele kila unapokaribia.

Macho ya sheria

Mwaka 1968 mwanasheria Eugene Cotran alichapisha muhtasari wa sheria za kimila za ndoa na talaka nchini Kenya. Kwa upande wa Agikuyu alitaja mambo makuu: wahusika wawe na uwezo wa kuoana, waridhiane, ngurario ichinjwe, sehemu ya ruracio ilipwe, na wawili hao waanze kuishi pamoja. Kwa miaka mingi majaji wamekuwa wakikitumia kitabu hicho kama kipimo. Katika kesi nyingi za urithi, swali ambalo mawakili wamewauliza mashahidi ni lile lile: je, kondoo wa ngurario alichinjwa, wapi, na nani alikuwepo?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 ililegeza kamba kwa upande mmoja na kuikaza kwa mwingine. Inatambua aina tano za ndoa, yaani za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na kuzipa hadhi sawa. Inasema kwamba mahali ambapo mahari inahitajika, kiasi kidogo tu cha kuonyesha nia chatosha kuthibitisha ndoa ya kimila. Basi bwana harusi hafai kuambiwa kwamba hajaoa kwa kuwa bado anadaiwa mbuzi.

Lakini sheria hiyo hiyo inataka ndoa ifungwe kwa kufuata mila za jamii ya mmoja wa wachumba, au za wote wawili. Inawataka pia wamjulishe Msajili wa Ndoa katika muda wa miezi mitatu baada ya kukamilisha sherehe zinazohitajika, kisha wafike wenyewe mbele yake katika muda wa miezi sita ili wapate cheti. Usajili wa ndoa za kimila ulianza rasmi Agosti 1, 2017.

Taarifa kwa msajili hutaja mila iliyofuatwa. Wachumba hutangaza kwa maandishi kwamba masharti ya mila hiyo yametimizwa, kwamba kila mmoja ametimiza umri wa miaka 18, kwamba hawana undugu unaokatazwa na kwamba wameridhiana. Mashahidi wawili wazima, waliotekeleza jukumu muhimu katika sherehe, hutia sahihi. Wanandoa ambao hawakufanya ngurario huwa wanaweka sahihi zao chini ya tamko ambalo mpinzani anaweza kulihoji baadaye.

Wapo wanaotegemea kwamba kuishi pamoja kwa muda mrefu kutawahesabia ndoa. Ni kweli kwamba mahakama zimekuwa zikidhania ndoa pale ambapo mwanamume na mwanamke wameishi kama mume na mke na kujulikana hivyo. Hata hivyo, Mahakama ya Juu ilisema katika uamuzi wake wa Januari 27, 2023 kwamba dhana hiyo itumiwe kwa nadra na panapokuwa na ushahidi wa kuridhisha. Mzigo wa kuthibitisha humwangukia anayedai, na mara nyingi huyo ni mjane.

Hapo ndipo uzito wa jambo huonekana. Bila ndoa inayothibitika, mwanamke aweza kukataliwa kuketi mbele katika mazishi ya mtu aliyemzalia watoto, na kuwekwa nje ya orodha ya warithi wa shamba alilolilima. Nako kwa upande wa mwanamume, mke akifariki kabla ya mahari kulipwa, wakwe wanaweza kuudai mwili au kutaka malipo kabla ya kuruhusu mazishi. Deni ambalo lilikuwa la kicheko siku ya posa hugeuka kuwa la machozi.

Jambo jingine ambalo bwana harusi hufaa kulijua ni kwamba ndoa ya kimila huchukuliwa na sheria kuwa inaruhusu mke zaidi ya mmoja. Wanaotaka kujifunga kwa mke mmoja wanaweza kuibadilisha ndoa hiyo kwa hiari yao wote wawili, iwapo mume hana mke mwingine.

Mafundo ya India

Agikuyu si wa pekee katika kuifunga ndoa kwa tendo dogo la mkono. Kusini mwa India, miongoni mwa Wahindu wa Tamil Nadu na majimbo jirani, bwana harusi hupitia sherehe ndefu, naye humvika bibi harusi uzi wa thali shingoni na kuufunga mafundo. Katika familia nyingi za Kibrahmani hata huigiza kwamba anaondoka kwenda Kashi kuwa mtawa, hadi baba wa msichana amsihi arudi. Kama langoni kwa Agikuyu, mzaha hutangulia tendo zito.

Sheria ya India ya mwaka 1955 kuhusu ndoa za Kihindu inasema kwamba mahali ambapo desturi ni kutembea hatua saba mbele ya moto, ndoa hukamilika hatua ya saba inapopigwa. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisisitiza kwamba cheti cha usajili pekee hakitoshi iwapo sherehe zinazotakiwa hazikufanywa. Tofauti kubwa ni upande ambao mali hutoka. Huko desturi ilikuwa familia ya msichana kutoa, na malipo hayo yalipigwa marufuku kwa sheria mwaka 1961.

Funzo kwa pande zote mbili za Bahari Hindi ni moja. Karatasi huthibitisha kilichofanyika, wala haiwezi kufanya kilichoachwa.

Ya kuzingatia

Kwa mwanamume anayejiandaa kwenda kuposa Kirinyaga, Nyeri au Murang'a, iwe yeye ni Mkikuyu au ametoka jamii nyingine, ni busara kuwauliza wazee mapema ni hatua ipi ambayo kwao hukamilisha ndoa, na gharama yake ni ipi. Fedha zikiwa chache, ni afadhali kupunguza hema, magari na wapiga picha kuliko kuondoa mnyama wa ngurario. Familia nyingi hukubali ruracio na ngurario zifanywe siku moja.

Majina ya wazee waliosimamia, tarehe na mahali pa sherehe yafaa kuandikwa na kutiwa sahihi na pande zote mbili. Wazee hufariki, na kumbukumbu hufariki pamoja nao. Kisha wachumba waende kwa msajili kabla ya miezi mitatu kwisha.

Waliokwisha kuishi pamoja kwa miaka bila ngurario bado wana nafasi maadamu wote wawili wapo hai. Wazee hawamkatai mwanamume aliyechelewa. Humtoza faini kidogo, wakamcheka, kisha wakampa kisu.